Spana Namba 10

Najua nimepotea, na wengine mlishaanza kuulizana kwenye meseji kama nimedisko. Sijadisko jamani. Nilikuwa TP Singida, na kabla ya hapo nilikuwa fundi spana Mbagala. Hiyo ya Mbagala ndiyo nataka kuisimulia leo.

Mdogo wangu, yuko form three, aligongwa na bodaboda mwaka juzi. Mfupa wa muundi ukavunjika, ukafungwa vipande vya mbao kulekule kijijini, ukaunga vibaya. Mguu wa kushoto ukabaki mfupi kwa sentimita 4. Shuleni wakampa jina ambalo silitaji hapa.

Mwezi wa sita, mimi nahangaika na UE, daktari wa mifupa akaukata tena ule mfupa kwa makusudi, akauzungushia fremu. Nilipoingia wodini nilidhani ni jukwaa la mafundi ujenzi. Pete za chuma zinauzunguka mguu, zina matundu kila mahali. Waya nyembamba, milimita 1.8, zinaingia kwenye ngozi, zinapita ndani ya mfupa na kutokea upande wa pili, halafu zimekazwa kwenye pete kama spoku kwenye ringi ya baiskeli. Kati ya pete na pete kuna fito nne zenye hesi, kila moja na nati zake. Spana yake ni namba 10, ileile ya mafundi pikipiki.

Mwenye wazo hili ni daktari Gavriil Ilizarov, aliyekuwa mkoa wa Kurgan, Siberia, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kilichonikuna mimi ni yale matundu. Hakutengeneza chombo cha mguu fulani. Alitengeneza vipande ambavyo daktari anavipanga kufuatana na mfupa alionao mezani, na wiki ijayo anaweza kuvifungua na kuvipanga upya, mguu ukiwa humohumo. Wakubwa wa Moscow walichelewa kumwamini. Jina lake lilivuma alipomtibu Valeriy Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu mwaka 1964, aliyevunjika mguu kwenye ajali ya pikipiki mwaka 1965. Brumel akaruka tena zaidi ya mita 2. (Pikipiki tena, mnaona?)

Sasa hesabu kidogo, mnivumilie, mimi ni mtu wa Fizikia na Hisabati. Ukizungusha nati mzunguko mmoja mzima, pete inasogea milimita 1. Daktari anataka milimita 1 kwa siku, lakini kwa robo robo, kila baada ya saa sita. Ukienda taratibu mno, mfupa unaunga kabla hujamaliza safari. Ukienda haraka mno, mfupa mpya haujai vizuri na mishipa ya fahamu inaanza kulalamika. Sentimita 4 ni siku 40. Baada ya wiki ya kwanza ya kusubiri nikahamia kwa mama mdogo na spana yangu.

Siku ya tatu nikaharibu.

Nati tatu nilikuwa nazizungusha nikiziangalia kwa juu. Ya nne imejificha nyuma ya mguu, kwa hiyo nikachungulia kwa chini, nikazungusha upande uleule wa mkono wangu. Ukiiangalia saa kwa nyuma, mshale unarudi kinyumenyume! Mwaka wa tatu Fizikia, na hilo sikuliona kwa robo nne nzima. Dogo hakulia. Alisema tu, "Dada, leo inavuta upande mmoja." Kliniki nesi akairudisha, akasema siku moja inarekebishika, ila nisirudie.

Inasimuliwa kwamba hata kwa Ilizarov kuna mgonjwa aliyezungusha nati za kuachanisha badala ya za kubana, picha ikaonyesha mfupa mpya umeota kwenye nafasi. Kosa langu mimi halikugundua kitu. Lilimuumiza mtoto tu.

Siku ya tisa majina ya TP yakatoka. Singida. Nikafikiria kuahirisha, nikalia chooni, nikatoka nikamwambia mama mdogo itabidi azungushe yeye. Akasema, "Mwanangu, mimi kumtesa mtoto siwezi." Nikaandaa somo, nikachora na mchoro, nikaeleza mwendo wa saa na kinyume chake. Akaniangalia mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Saa ipi? Yangu ya kwenye simu ina namba tu." Hahaha... mwalimu mtarajiwa nikaishiwa.

Akaenda ndani akarudi na rangi ya kucha. Akapaka doti nyekundu kwenye kila nati, doti nyingine nne kwenye pete kuizunguka. "Nekundu inatoka hii inakwenda hii. Basi." Juu au chini hakuna shida tena, doti haidanganyiki. Kule Singida mtandao ulikuwa wa kupandia mwamba, lakini nikipanda nakuta meseji zake: robo ya kwanza tayari, robo ya pili tayari, kaoshwa vidonda kwa maji ya chumvi, kala.

Siku 40 zimeisha. Miguu iko sawa kwa urefu, nimepima mwenyewe. Picha inaonyesha wingu jeupe pale palipokuwa pengo. Fremu itakaa miezi kadhaa zaidi mpaka wingu liwe mfupa.

Ila kuna kitu. Mguu umepinda kidogo kwa ndani. Zipo fremu za siku hizi zenye fito sita za mshazari, walizibuni ndugu wawili Taylor kule Memphis, Marekani, miaka ya 1990. Kusogea pande tatu na kuzunguka pande tatu ni sita, kwa hiyo fito sita zinatosha kunyoosha upande wowote. Kompyuta inatoa namba za kila siku, fremu haifunguliwi. Yetu ni ya zamani. Daktari itabidi afungue baadhi ya fito, aweke bawaba, halafu tuanze robo robo upya. Amesema pia anaweza kuuacha hivyo, atatembea.

Kamwachia dogo aamue. Mama mdogo anasema inatosha, mtoto kateseka. Mimi nimenyamaza, maana ile siku ya tatu bado inanisuta.

Jana usiku dogo kanitumia meseji: "Dada, rangi ya kucha imebaki?"

Kliniki ni alhamisi. Nitatoroka lekcha ya asubuhi, atakayenisainia mahudhurio anajijua.