Aisingi Chini ya Jua la Voi

Riziki yangu imetokana na keki za oda, zinazookwa nyumbani hapa Voi, na karibu yote ninayoyajua kuhusu aisingi nimeyajua kwa sababu kitu fulani kimeadimika dukani, kimepanda bei, au kimekataa kukaa juu ya keki. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kubadilisha viungo ni tabia ya mpishi asiye na pesa. Kiungo hakitiwi kwenye aisingi kwa heshima ya jina lake. Kinatiwa kwa kazi kinayoifanya, na anayeijua kazi hiyo ana haki ya kukitoa na kuweka kingine, mradi kazi ifanyike na mlaji aambiwe anakula nini.

Tuanze na siagi, kwa kuwa ndiyo yenye ubishi mkubwa. Siagi huyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35 za Selsiasi, na huanza kulegea mapema kabla ya kufika hapo. Tabia hiyohiyo ndiyo utamu wake, maana huyeyuka mara iguswapo na ulimi. Lakini Voi iko mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa nyika ya Tsavo, na mchana wa Februari au Machi joto hupita nyuzi 30 bila kumwomba mtu ruhusa. Vitabu vya mapishi hutuagiza tuiache siagi ilainike kwa joto la chumba. Aliyeviandika hakuwa na chumba chenye paa la mabati hapa kwetu. Keki ya harusi ikishapambwa hupakiwa garini kwenda Mwatate, au mpaka Taveta, zaidi ya kilomita 100, kisha hukaa mezani chini ya hema hadi hotuba za wazee ziishe, na wazee hawana haraka. Hapo siagi tupu huanza kuteleza ubavuni mwa keki. Mafuta ya mboga yaliyoganda, yale meupe ambayo wengi wetu tunayaita Kimbo hata yakitoka kampuni nyingine, huvumilia joto zaidi. Kwa hiyo aisingi yangu ya Voi ni nusu siagi, nusu mafuta hayo, na miezi ya joto kali siagi hupungua zaidi.

Kubadilisha huku kuna hesabu yake, na wengi huharibikiwa kwa kuiruka. Siagi si mafuta matupu: kwa kawaida asilimia 80 hivi ni mafuta, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Gramu 500 za siagi zina mafuta gramu 400 hivi. Anayetoa siagi hiyo yote na kuweka gramu 500 za mafuta meupe ameongeza mafuta na kuondoa maji, kisha anashangaa aisingi imekuwa nzito na inaganda kwenye kaakaa la mlaji. Tia gramu 400, rudisha maji yaliyopotea kwa vijiko vichache vya maziwa, ongeza chembe ya chumvi na vanila, kwa kuwa mafuta hayo hayana ladha yoyote. Majarini kama Blue Band ni kinyume chake. Ina maji na chumvi tayari, basi chumvi usiiguse na maziwa uyatie kwa hofu. Mafuta ya nazi, ambayo watu hudhani yatatufaa kwa sababu tuko eneo la Pwani, huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Voi hushinda kimiminika. Nazi ina nafasi yake, lakini ni tui zito kushika nafasi ya maziwa, kwa ajili ya ladha.

Atakayesema kwamba haya ni visingizio vya ubahili na apande Wundanyi. Mji ule uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni ya sweta, na kule siagi tupu hukaa imara mchana kutwa huku mafuta meupe yakigeuka magumu na kuacha utando mdomoni. Kaunti ni moja, keki ni ileile, lakini jibu limebadilika kwa mwendo mfupi wa matatu. Wala mbadala si rahisi kila mara: Aprili 2022, Indonesia ilipozuia kwa wiki kadhaa mafuta ya mawese, yanayotengenezewa mafuta meupe, yasiuzwe nje, mafuta ya kupikia yalikuwa ghali dunia nzima. Aliyekuwa akitumia mafuta meupe kwa bei tu angeyaacha wakati ule. Anayeyatumia kwa sababu ya jua hana budi kuyanunua.

Kwenye sukari nina msimamo mkali kidogo. Sukari ya aisingi husagwa laini kabisa na kuchanganywa na wanga kidogo usioiruhusu ishikane. Ukisaga sukari ya kawaida kwa blenda na kijiko cha kornflawa kwa kila kikombe, ukaichekecha mara mbili, utapata kitu kinachofaa kwa aisingi nyepesi ya kumwagia, ila kwa fondanti punje zitabaki na meno yatazisikia. Sukari yetu ya viwandani nayo ni ya rangi ya hudhurungi, hivyo usitarajie weupe wa shela. Mwaka 2023, miwa iliyokomaa ilipoadimika hadi viwanda vya magharibi mwa Kenya vikaamriwa kusimamisha usagaji, bei ya sukari yoyote ilituumiza. Dawa bora ninayoijua ni ya zamani: vijiko vitano vya unga wa ngano hupikwa na kikombe cha maziwa na sukari ya kawaida mpaka uwe uji mzito, sukari yote iyeyuke, uji upoe kabisa, ndipo upigwe pamoja na siagi. Wateja wanaotaka keki nyekundu ya velveti na jibini laini, wakiiita ndiyo halisi, hushangaa kusikia kwamba nchini Marekani keki hiyo ilipakwa aisingi hii ya uji kabla ya jibini kuchukua nafasi. Halisi yao nayo ni mbadala uliozoeleka.

Hoja ya afya siipuuzi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitaka mafuta yaliyogeuzwa kwa kiasi viwandani kwa haidrojeni yaondolewe katika vyakula, na lina haki. Lakini hoja hiyo hailindi siagi moja kwa moja, kwa kuwa siagi nayo ina mafuta mengi yanayoganda. Inachodai ni kusoma maandishi ya mkebe: mawese huganda kiasi kwa asili yake, na palipoandikwa haidrojeni narudisha mkebe rafuni.

Inabaki hoja ya udanganyifu, ambayo ndiyo nzito kuliko zote. Agosti 1940, wakati wa vita, Uingereza ilipiga marufuku kuweka sukari juu ya keki iliyokwisha kuokwa, na maharusi wakakodi vifuniko vya kadibodi na plasta vilivyotengenezwa kama keki ya ghorofa. Sioni udanganyifu pale, kwa sababu maharusi walijua wamekodi nini. Mteja wangu akilipa bei ya siagi na kupewa mafuta meupe kimyakimya, huo ni wizi hata kama aisingi imesimama vizuri kuliko ya siagi. Jambo lenyewe huwa kubwa zaidi kwenye fondanti ya dukani, maana mara nyingi hutiwa jelatini, na jelatini nyingine hutokana na nguruwe, na Voi ni mji wa Waislamu na Wakristo wanaoalikana harusini. Hapo mbadala haungoji uhaba wala joto. Natumia jelatini ya ng'ombe yenye alama ya halali kwa kila oda, hata ya kanisani, kwa kuwa siwezi kujua nani atapewa kipande. Mafuta na siagi navitaja kwenye risiti kwa vipimo vyake, na anayetaka siagi tupu kwa harusi ya Machi namwambia mapema kwamba keki itabidi itoke kwenye friji wakati wa kukatwa, si kabla.