Sisi watu wa namba 139



Siku hizi kule bombani na katika vyumba vya kulala kuna masolo makubwa juu ya namba moja. Namba hiyo ni 139. Inatoka katika orodha ya furaha ya mataifa, ambayo hutangazwa kila mwaka karibu na tarehe 20 Machi, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeiweka kuwa Siku ya Furaha. Katika orodha ya mwaka 2024 mataifa yalikuwa 143. Finland ilikuwa ya kwanza, na sisi Kongo tulikuwa wa 139. Nyuma yetu walibaki wanne tu: Sierra Leone, Lesotho, Lebanoni na Afganistani. Mwaka 2025 bado tulikuwa mkiani.

Wengine kati yetu wanasema: muone, hata dunia yote inajua kwamba hapa hakuna maisha, sasa diplome ni ya nini? Wengine wanakasirika: huo ni uongo wa Wazungu, waje siku ya Mungu wasikie kwaya yetu, ndipo watajua furaha ni nini. Sisi wa mwaka wa sita tumeona vema kuandika kidogo juu ya jambo hili, kwa maana tunaona pande zote mbili zinagombana juu ya kitu ambacho hazijakitazama sawasawa.

Kwanza tujue orodha inatoka wapi. Mwaka 2011 nchi ndogo ya Bhutan, kule milimani Asia, ilipeleka neno mbele ya Umoja wa Mataifa: kwamba serikali zisipime maendeleo kwa makuta peke yake, zitazame pia furaha ya watu. Neno likakubaliwa. Mwaka 2012 ikatoka taarifa ya kwanza ya furaha ya dunia. Watu wanaouliza maswali ni wa kampuni ya Marekani inayoitwa Gallup. Kwa kawaida wanauliza watu karibu 1000 katika kila nchi kwa mwaka, na namba inayotangazwa ni wastani wa miaka mitatu.

Na swali lenyewe ni hili. Mtu anaambiwa afikiri ngazi, si ngazi za kukamua mafuta, ila ngazi ya kupandia juu ya nyumba. Chini kabisa ni sifuri: maisha mabaya kuliko yote ambayo wewe unaweza kuyawaza kwa ajili yako. Juu kabisa ni kumi: maisha mazuri kuliko yote. Halafu anaulizwa: leo unasimama kwenye kipandio cha ngapi? Basi, ni hilo tu. Aliyeanzisha swali hilo ni mwalimu mmoja wa Marekani, Hadley Cantril, katika miaka ya 1960. Mwaka 2024 watu wa Finland walijiweka karibu na 7,7. Sisi tulijiweka karibu na 3,3.

Kumbe hakuna aliyehesabu vicheko vyetu! Hakuna aliyepima namna tunavyocheza ngoma. Kwa hiyo mwenye kujibu orodha ile kwa kusema "lakini sisi tunaimba" anajibu swali ambalo halikuulizwa. Na mwenye kusema "orodha imeonyesha kwamba Wakongomani ni watu wa huzuni" naye amekosea vilevile.

Je, namba hiyo inaonyesha kweli hali ya maisha ya watu? Hapa tuko na mashaka matatu.

Shaka la kwanza ni la hesabu. Nchi yetu haijahesabu watu wake tangu mwaka 1984. Tunasikia tu kwamba tunapita milioni 100, lakini ni makadirio. Tukigawanya milioni 100 kwa watu 1000, kila anayeulizwa anajibu kwa ajili ya watu laki moja. Wenye elimu ya hesabu wanatufundisha kwamba watu 1000 waliochaguliwa vema wanaweza kutosha, nasi tunakubali. Lakini wastani unawapika wote katika chungu kimoja: mfanyabiashara wa Lubumbashi, mvuvi wa ziwa Upemba, mwanafunzi wa Kamina, na mama wa Goma aliyekimbia na watoto mgongoni wakati M23 walipoingia mjini Januari 2025. Ukiunganisha wote hao unapata 3,3. Ni nani kati yao anayeishi katika 3,3? Pengine hakuna hata mmoja.

Shaka la pili ni la lugha na desturi. Hapa kwetu ukimwuliza mtu habari, anajibu "muzuri", hata kama mtoto analala na homa. Ni baadaye, akiisha kukaa, ndipo anasema "muzuri, lakini..." Na habari yote iko nyuma ya hiyo "lakini". Kwa Kiluba wazee wanasalimiana Wakomapo, na jibu ni Eyo vidye. Hakuna mzee anayejibu salamu kwa namba. Mwingine akiulizwa na mgeni mwenye karatasi atajishusha, akifikiri labda msaada unakuja. Mwingine atajipandisha, kwa sababu hataki kuaibisha nyumba yake mbele ya mgeni. Wote wawili si waongo. Ni watu wenye adabu zao na hesabu zao.

Shaka la tatu ndilo kubwa. Ngazi ya kila mtu haina urefu mmoja. Jioni moja tuliulizana swali lile sisi wenyewe. Mmoja alisema yuko kwenye tatu, lakini akila bukari na sombe atapanda mpaka sita, na wote tukacheka. Lakini mwingine aliuliza nyanya yake nyumbani, na mama yule mzee alijibu nane. Ameona vita, ameona njaa, na sasa analala bila kukimbia. Kwake hiyo ni karibu na kilele. Mjukuu wake anayelala katika nyumba ileile, anayekula chakula kilekile, alisema nne, kwa sababu katika simu anaona namna vijana wa mahali pengine wanavyoishi. Nyumba ni moja, maji ni yale yale, namba ni mbili. Basi namba ya mjukuu imeshuka kwa sababu macho yake yameona mbali zaidi. Je, tuseme elimu imeharibu furaha yake? Sisi tunakataa. Mwenye kuona kwamba maji safi yanaweza kufika nyumbani hawezi tena kuridhika na maji ya mto, na hiyo si dhambi.

Ndiyo maana orodha inatoa mambo ya kushangaza. Mwaka 2016 Somalia, yenye vita, ilikuwa ya 76 kati ya mataifa 157, na Tanzania, yenye amani, ilikuwa ya 149. Mwaka 2024 Botswana, yenye almasi na mapato yanayopita yetu mara nyingi, ilikuwa ya 137, hatua mbili tu mbele yetu. Na Bhutan yenyewe, mama wa neno hili, mwaka 2019 ilikuwa ya 95 kati ya 156. Tena tusisahau kwamba karibu na mwaka 1990 na kuendelea, watu wapata laki moja wa Bhutan wenye kusema Kinepali walijikuta wakimbizi katika kambi za Nepal. Taifa linaweza kuhubiri furaha, na huku wengine wamefukuzwa nje ya mlango wasihesabiwe.

Lakini, ndugu zetu, tusifurahi haraka kwamba tumeishinda orodha. Ukiacha mashaka yetu yote, kuna jambo linalobaki. Finland imekuwa ya kwanza kila mwaka tangu 2018 hadi 2025, na Afganistani imekuwa ya mwisho mara nyingi. Hiyo si bahati nasibu. Benki ya Dunia ilisema kwamba mwaka 2024 karibu Wakongomani watatu kati ya wanne waliishi chini ya dolari mbili na kidogo kwa siku. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika udongo wetu, inaingia katika betri za simu za watu wote, na kijiji kilicho juu ya udongo huo kinawasha lampi ya mafuta. Mtu wa kijiji hicho akisema "mimi niko kwenye tatu", hatuhitaji mtaalamu wa Marekani kutueleza kwa nini.

Tena wenye orodha wakitafuta sababu hawatazami mali peke yake. Wanauliza: ukipata shida, je, kuna mtu wa kukusaidia? Je, unaweza kuchagua maisha yako? Je, rushwa imeenea? Katika taarifa ya 2025 walizungumza habari ya mfuko wa makuta unaopotea njiani: je, unafikiri mwenye kuuokota ataurudisha? Wakaona kwamba watu wengi duniani wanadhani wenzao ni wabaya kuliko walivyo kweli. Mifuko inarudishwa karibu mara mbili kuliko watu wanavyotazamia. Neno hili lilituingia sana. Katika chumba cha kulala ambamo kila mmoja analala na ufunguo wa sanduku shingoni, maisha ni magumu hata kama chakula kinatosha.

Sasa tufike kwenye neno ambalo hasa lilitufanya tuandike. Kuna sifa moja tunayopewa na wageni, nasi tunaipokea kwa meno nje: "Watu hawa hawana kitu, lakini wanafurahi kabisa!" Sisi tunaogopa sifa hiyo kuliko namba 139. Namba 139 inatuhuzunisha, lakini sifa hiyo inatulaza usingizi. Tena inawapa nafasi wenye madaraka: kama watu wanafurahi hivi bila bomba, bomba ni la nini?

Kiswahili chetu kimetenga maneno haya, na tungefanya vema kuyatenga pia. Kuna furaha, kuna raha, kuna heri. Furaha inaweza kumkuta mtu hata katika msiba, wakati jirani anapoleta kuni na unga bila kuombwa. Raha ni mwili kupumzika. Heri ni jambo la Mungu. Katika Matayo 5 Bwana Yesu aliwaita wenye huzuni watu wa heri, hakuwaita watu wa raha. Paulo aliwaandikia Wafilipi barua yenye furaha nyingi akiwa kifungoni. Lakini hatujasikia mhubiri hata mmoja akisema kwamba kwa hiyo kifungo ni nyumba nzuri. Kwaya yetu ya siku ya Mungu ni furaha ya kweli kabisa. Mwimbaji yuleyule akirudi nyumbani anachukua bidoni na kutembea kutafuta maji. Furaha yake haiondoi kiu, na kiu yake haifanyi wimbo kuwa uongo.

Kwa hiyo sisi tunaona hivi: wakitaka kujua hali ya maisha ya watu, waulize mambo yenye mwenyewe. Maji yanatoka wapi, na ni nani aliyepaswa kuyaleta? Mwalimu alipokea mshahara mwezi gani? Tangu masomo ya msingi yalipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, darasa moja lina watoto wangapi? Binti walioanza mwaka wa kwanza pamoja nasi wako wapi leo? Na hapa Kamina tuulize pia treni. Mji wetu ni mtoto wa reli: njia ya Ilebo ilimalizika 1928, na ile ya kuungana na Kabalo ilifunguliwa 1956. Treni ikichelewa, bei inapanda sokoni, na mama wa nyumbani analijua jambo hilo mbele ya serikali. Namba 139 haina mtu wa kuijibia. Huwezi kwenda kugonga mlango wa mtu yeyote na kumwambia atupe 120. Lakini juu ya bomba kuna mtu wa kujibu. Juu ya mshahara kuna mtu wa kujibu. Juu ya reli pia.

Na ninyi mnaosema diplome ni ya nini, tunawajua, kwa maana wenzetu wengine wamekwisha kuacha viti vyao na kwenda Kolwezi kuchimba. Hatuwahukumu, njaa ya nyumbani haingoji Exetat. Lakini msikubali namba iliyoandikwa mbali iwachagulie njia. Namba inasema tulipo kwa wastani. Haisemi nani anaweza kuongeza kipandio kimoja kwa jirani yake, wala haijui kwamba muuguzi, mwalimu na fundi wa maji wa kesho wako katika madarasa haya, wanabishana bombani.

Mwenye kutupinga atuandikie. Karatasi ya majibu iwekwe katika kisanduku cha gazeti mlangoni pa biblioteki kabla ya Ijumaa, na jina lake juu yake. Na tunawaomba walimu wetu nao wajibu swali la ngazi, wasiseme "muzuri" tu, waandike na ile "lakini".

Mungu awabariki ninyi nyote.

Mkuu wa wanafunzi, kwa niaba ya mwaka wa sita