Mama Ngina: Upepo kwa mtoto mwenye kiungulia

Msomaji mpendwa, ukifika Mombasa siku ya Jumapili, usirudi kwenu kabla ya kupitia Mama Ngina. Barabara hii inafuata ukingo wa kisiwa, kati ya mibuyu mikongwe na bahari. Keti hapo alasiri utazame meli kubwa zikielekea bandari ya Kilindini. Bustani yake ilikarabatiwa, na ni hapo sherehe za kitaifa za Mashujaa zilipofanyiwa mwaka wa 2019.

Jamii huja kupunga upepo, nao wachuuzi huwangoja na mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, viazi karai, kachiri, mabuyu na soda baridi.

Sasa tazama watoto. Wengi wanakimbizana chini ya mibuyu. Lakini huenda ukamwona mmoja, mnene, ameketi kando akijishika kifua. Wenzake humwita mvivu. Mzazi humwongezea soda ateremshie chakula. Huenda si uvivu, msomaji, bali ni kiungulia.

Mwisho wa umio, chakula kinapoingia tumboni, pana misuli inayofunguka na kujifunga kama mlango. Mafuta mengi mwilini hulikandamiza tumbo, mlango ukalegea, asidi ikapanda juu. Mtoto huungua kifuani, hucheua maji makali na pengine hukohoa usiku. Asipolala vizuri, husinzia darasani. Akiinama kuokota mpira, moto huwaka tena, basi mchezo huuacha. Asipocheza, uzani huongezeka, na kiungulia nacho huzidi.

Usidhani ni aibu ya nyumba yako peke yako. Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba mwaka wa 2022, watoto na vijana zaidi ya milioni 390 wa umri wa miaka 5 hadi 19 walikuwa na uzani uliopita kiasi.

Kwa hivyo, ukimleta mwanao Mama Ngina, mwache acheze kwanza, ale baadaye, tena ale kidogo. Muhogo wake usitiwe pilipili, na badala ya soda mpe maji. Mkirudi nyumbani, chakula cha jioni kiliwe mapema, zipite saa mbili au tatu kabla ya kulala. Siku za wiki pia atafutiwe mchezo, kwani shirika hilo hupendekeza angaa saa moja kila siku. Usimnyime chakula wala usimcheke.

Kiungulia kikimrudia mara kwa mara, mwone daktari kabla ya kumnunulia dawa dukani. Na akitapika damu, akishindwa kumeza au akikonda bila sababu, mkimbize hospitalini.

Mzazi, viazi karai utavilipia, lakini upepo wa Mama Ngina ni wa bure. Mwanao mpe upepo mwingi kuliko viazi. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.