Dirisha la Basi

Mama alikuwa akiamka saa 9 usiku kunichemshia viazi vitamu. Ni mwishoni mwa miaka ya 1980, nyumbani ni Uyole, Mbeya, nami nasoma bweni Iringa. Baridi ya Juni kule kwetu haisimuliki. Nilijikunyata blanketini nikimsikia anapuliza kuni mbichi, moshi umemjaa kifuani, anakohoa. Viazi, magimbi na karanga za kuchemsha alivifunga kwenye kitambaa, akavitia ndani ya kikapu cha milulu. "Usile kabla ya Chimala, mwanangu." Tukifika Igurusi kikapu kimeshabaki nusu.

Njia iliyobaki nililishwa na barabara. Tangu barabara kuu ya kwenda Zambia iwekwe lami mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijiji vya kando vilijua msafiri anapita saa ngapi na anataka nini, na vilimuuzia kilichoiva wiki hiyo. Mwezi wa pili na wa tatu ni mahindi mabichi. Krismasi ikikaribia ni pichi.

Makambako ndiko nilikokupenda zaidi. Basi halijasimama sawasawa, kina mama wameshafika madirishani, sinia juu ya kichwa, khanga zinapeperushwa na upepo ule wa Makambako usiochoka. "Kaka, chukua la moto!" Hindi la kuchemsha lilikuja na maganda yake. Unayavuta chini, mvuke unakupiga usoni, halafu unayashika hayohayo maganda kama mpini ili usiungue. Chumvi na pilipili zilifungwa kwenye kipande cha gazeti. Dereva akiondoka mapema, mama wa watu anakimbia kando ya basi ameinua mkono wenye chenji, na kwa miaka yote minne chenji yangu haikupotea hata mara moja.

Sikumbuki ni lini nilinunua pakiti ya kwanza ya biskuti safarini. Nakumbuka sababu: haikumwagika, haikupoa, haikuchafua mikono, na ningeweza kuila nusu na kuirudisha mfukoni. Biskuti haina msimu. Huhitaji kujua kama mvua zimenyesha Njombe.

Mjini nako, Mwanjelwa, zikaja chipsi. Viazi mviringo ni vyetu, vimejaa milima ya Uporoto, na tulikua tukivila na maganda yake, vimechemshwa, na chai. Sasa muuzaji anavikaanga nusu tangu mchana, mteja akifika anavirudisha kwenye karai, anavunjia mayai mawili, na zege lako liko tayari kabla hujamaliza kusalimiana. Ni viazi vilevile vya shamba lilelile, lakini mwanangu hataki kuviona vikiwa na ganda.

Mabasi nayo yakabadilika. Siku niliyopanda la kiyoyozi kwa mara ya kwanza, kioo hakikufunguka. Pale Makambako nilimwona mama mmoja ameinua sinia hadi usawa wa uso wangu, midomo inacheza, sauti siisikii. Konda alikuwa ameshagawa soda na biskuti. Nilimpungia mkono, naye akahamia basi la nyuma. Na tangu safari za usiku ziruhusiwe tena mwaka 2023, baada ya kuzuiwa tangu miaka ya 1990, mara nyingi Makambako napita nimelala.

Sithubutu kumwambia Mama kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Urahisi umempunguzia kifua. Ana mtungi wa gesi, anawasha jiko kwa kiberiti kimoja, na kile kikohozi cha alfajiri sijakisikia miaka mingi. Kinachonisumbua ni yule wa sinia, ambaye urahisi wangu ulimpita dirishani. Shamba lake bado liko palepale, na mahindi yanaiva Februari kama kawaida.

Mwezi uliopita nilikuwa Uyole. Usiku wa kuondoka nilimwambia Mama asijisumbue, nitanunua kitu stendi. Saa 10 alfajiri nikaona mwanga chini ya mlango wa jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, jiko la gesi linawaka kimya, sufuria ya magimbi imeanza kutokota.

"Rudi ukalale, Mama."

"Chimala," akasema, akinipa kikapu. "Usile kabla ya Chimala."