Wakubwa Waseme Mwisho

Mtoto wa kwetu Kalemie, Kongo, anasikia hotuba kabla hajajua kusoma. Anazisikia kwenye matanga, msemaji wa ukoo akieleza marehemu aliuguaje na nani alimuuguza. Anazisikia siku ya mahari, pande mbili zikijibizana mpaka jua linazama nyuma ya vilima na watu hawajala. Nilipokuja Bruxelles kwa masomo, mwenzangu wa darasani akaniomba nimsaidie kuandaa jioni za hotuba za klabu yao ya Toastmasters. Nilikwenda kwa shauku, nikitaka kuona watu wa mji mkubwa wanajifunzaje kitu ambacho kwetu mtu anakua nacho.

Toastmasters ilianzishwa na Ralph Smedley mwaka 1924, kwenye jengo la YMCA katika mji wa Santa Ana, California, na leo ina klabu katika nchi zaidi ya 100. Hakuna mwalimu wa kulipwa. Wanachama wanapokezana kazi zote: huyu anaongoza kikao, yule anahesabu kila "eee" ya msemaji, mwingine anasimama baada ya hotuba na kuitathmini mbele ya wote kwa dakika mbili tatu. Mimi nilipewa saa. Hotuba ya kawaida ni dakika 5 mpaka 7: ya tano ikitimia nawasha taa ya kijani, ya sita njano, ya saba nyekundu. Katika mashindano, anayepitisha zaidi ya sekunde 30 anaondolewa, hata kama ametoa watu machozi.

Kazi hiyo ndogo ndiyo iliyonifungua macho. Nimemwona meneja aliyezoea kusikilizwa akiacha sentensi katikati kwa sababu mwanafunzi Mkongo amewasha taa nyekundu, akaketi bila kununa. Baada yake akasimama msichana mwenye haya, Kifaransa chake bado cha kusitasita, na dakika zake zilikuwa zilezile saba. Hakuna aliyeweza kumlia hata moja.

Kwetu dakika zinaliwa. Chukua mashindano ya hotuba ya wanafunzi, ukumbi wa parokia, saa nane mchana. Sala kwanza, kisha wimbo wa taifa. Mtu wa protokole anashika maikrofoni na kuwataja wakubwa kwa ngazi za vyeo vyao, na ole wake akimruka mmoja. Kila aliyetajwa anaombwa "neno kidogo", na neno kidogo la mkubwa linamaliza nusu saa. Inapofika saa kumi na moja jenereta imeanza kukohoa, mwenye viti vya kukodi amesimama mlangoni, na wanafunzi waliokesha wakikariri wanaambiwa wafupishe. Wasichana mara nyingi wamewekwa mwishoni mwa orodha. Wanafika kwenye maikrofoni watu wakiwa wanatoka.

Jambo hili Wakongo tungepaswa kulijua kuliko wengine. Tarehe 30 Juni 1960, kwenye sherehe za uhuru kule Léopoldville, programu ilikuwa na hotuba ya Mfalme Baudouin na ya Rais Kasavubu. Lumumba, Waziri Mkuu, hakuwekwa kwenye orodha ya wasemaji. Alisimama akasema, na hotuba yake ndiyo watu wanayoikumbuka mpaka leo. Kwa hiyo mwanafunzi anayejitolea kuandika orodha ya wasemaji asidhani amepewa kazi ya karatasi tu. Yeye ndiye anayeamua nani atasikika ukumbi ukiwa bado umejaa.

Lakini huku Ulaya nako kuna pengo. Mtu anahutubia juu ya likizo yake ya Ureno, anapigiwa makofi, anaambiwa alitumia mikono vizuri, na jambo lenyewe linaishia hapo. Kwetu hotuba ina kazi ya kufanya. Msemaji akisalimu "Jambo yenu!" ukumbi mzima unaitika, akipotosha habari za mpaka wa shamba, mama mmoja anaguna kutoka nyuma na kila mtu anausikia mguno ule. Baada ya mapigano ya Watwa na Waluba yaliyoutesa mkoa wetu wa Tanganyika mwaka 2016 na 2017, watu wa pande zote mbili waliketi pamoja kwenye mabaraza kutafuta namna ya kuishi tena kama majirani. Pale hakuna wa kuhesabu "eee". Mtwa ambaye kwa miaka mingi wengine ndio waliomsemea anahitaji kusikilizwa mpaka amalize, na taa ya dakika saba ingemwonea.

Mdogo wangu anasoma Chuo Kikuu cha Kalemie, na yeye na wenzake wanajitolea kuandaa mazungumzo ya vijana mitaani. Nilipomsimulia habari za taa alinitumia sauti kwa WhatsApp: "Yaya, mi nitamuonyesha je shefu wa kartie taa nyekundu?" Swali la haki kabisa. Kijana wa miaka ishirini hamkatizi mzee mbele ya watu. Wakatafuta njia yao wenyewe: walimwomba mama mmoja mzee, muuza ndagala anayeheshimiwa kartie nzima, ashike saa. Anakaa mstari wa mbele, kitambaa chekundu mapajani. Dakika zikiisha anakiinua na kusema, "Baba, asante, tumesikia," na baba anaketi. Hakuna aliyevunjiwa heshima, na mimi niliyejifunza saa kwenye klabu ya Bruxelles nisingeliwaza hilo.

Imebaki orodha. Ombi langu kwao ni kwamba wanafunzi waanze, wasichana wakiwa wa kwanza, na wakubwa waseme mwisho. Hilo halijatoka Ulaya. Katika kikao cha ukoo mzee ndiye anayefunga mazungumzo, kwa sababu ameshawasikia wote. Shefu akisema mwisho, itambidi ajibu yale vijana waliyoyataja mbele yake: maji ya ziwa yaliyoingia majumbani, karo, vijana waliomaliza masomo na hawana kazi. Amekubali kujaribu kwenye kikao kijacho. Yamebaki mafuta ya jenereta, na mchango wake tumeanza kuukusanya huku.