Juha ni wa Rika Gani? Wakati na Imani katika Katuni za Magazeti

Mhakiki anayetafuta dini katika katuni za magazeti aghalabu hukimbilia picha yenye kasisi, shehe au mganga. Hapo hupata kejeli: sadaka iliyoliwa, mahubiri yasiyokwisha, hirizi isiyofaa kitu. Kejeli hizo zina nafasi yake, lakini ni maudhui ya juu juu. Itikadi nzito zaidi imo katika umbo lenyewe la katuni, hasa namna linavyoushughulikia wakati. Na yamkini umbo hilo huulizwa maswali magumu zaidi likisomwa mahali kama Mashuuru, katika Kajiado, ambako umri wa mtu haukuwa kamwe jambo lake peke yake.

Mfano ulio karibu ni Juha Kalulu, mhusika aliyechorwa na Edward Gitau katika Taifa Leo kwa miongo mingi. Jina lenyewe ni ndoa ya mapokeo mawili. Juha ni mjinga wa ngano za Kiarabu, ambaye ujinga wake mara nyingi huwaumbua wenye hekima. Kalulu ni sungura wa ngano za Malawi na Zambia, mnyonge anayeishi kwa hila. (Pwani nayo ina Abunuwasi wake, ambaye Gado alimchorea kitabu mwaka 1996.) Mjinga na mjanja wametiwa katika mwili mmoja, na mwili huo hauzeeki. Leo Juha huadhirika. Kesho huonekana mzima, bila kovu wala toba.

Kwa msomaji aliyelelewa kanisani au msikitini, hali hii ina utata. Dini zote mbili hufundisha kwamba wakati una mwisho unaouelekea: kuna hesabu, kuna kiyama. Katika katuni ya kila siku adhabu huishia kwenye picha ya mwisho, na deni halihamii kesho.

Mwaka 1969 John Mbiti, mwanatheolojia mzaliwa wa Kitui, aliazima maneno ya Kiswahili Sasa na Zamani ili kueleza dhana ya wakati katika fikra za jadi za Kiafrika. Akitegemea, pamoja na mengine, nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, alidai kwamba wakati ujao wa mbali karibu haumo katika fikra hizo. Maisha hutoka Sasa na kurudi Zamani. Alipingwa, na kwa haki: Kwame Gyekye, kwa mfano, alionyesha kwamba lugha ya Kiakan haiungi mkono dai hilo kwa Afrika nzima. Hata hivyo istilahi zake zinafaa hapa kuliko alivyokusudia mwenyewe. Juha amefungiwa katika Sasa. Hana kesho ya kuhofia, wala haruhusiwi kwenda Zamani.

Wamaasai wana utaratibu ulio kinyume kabisa na huo. Enkipaata huwaandaa wavulana. Katika Eunoto morani hunyolewa nywele zake ndefu. Olng'esherr humwingiza katika uzee. (Mwaka 2018 UNESCO iliziweka sherehe hizi tatu katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.) Mtu huvuka pamoja na rika lake, na hakuna anayeachwa abaki morani milele. Mzee wa Mashuuru aliyemfahamu Juha tangu ujana wake ana haki ya kuuliza: huyu ni wa rika gani?

Swali hilo si la mzaha. Mamlaka ya kubariki na kulaani huja na uzee, na asiyezeeka hawezi kubariki mtoto wa mtu. Msomaji wa Nairobi huona uhuru katika ujana wa Juha. Msomaji wa Mashuuru aweza kuona mtu aliyenyimwa. Mapokeo ya Juha yana jibu, kwamba mjinga husema asiyothubutu kuyasema mzee kwa kuwa hana heshima ya kupoteza. Ni jibu zuri, ila halimwondolei upweke.

Si kila katuni iliyo hivyo. Akokhan ya Frank Odoi, msanii mzaliwa wa Ghana aliyeishi na kufanya kazi Nairobi, ni hadithi ya uhasama na nguvu za kimiujiza, na ndani yake tendo huzaa tendo. Humo matendo yana uzito, hata pale yanapotendwa kwa uganga. Odoi mwenyewe alifariki katika ajali ya matatu jijini Nairobi mwezi Aprili 2012. Mbiti aliwaita wafu-hai wale waliokufa lakini bado wako watu wanaowakumbuka kwa majina. Akifa wa mwisho kati ya wanaokumbuka, marehemu huzama katika Zamani. Wapo wasomaji wengi wanaolijua jina la Akokhan bila kulijua la Odoi.