SAFARI YETU YA KASANGA NA KALAMBO

Mimi na mke wangu ni wakulima wa Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa. Tumeishi pamoja miaka 31. Tumesafiri mara nyingi, lakini safari zetu zilikuwa za msiba, za hospitali au za kuuza mazao. Hatukuwahi kusafiri ili kutazama nchi yetu.

Msimu uliopita maharage yalikubali vizuri. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, tuuze magunia mawili twende Kalambo. Watu wanatoka Ulaya kuja kuona maporomoko yale. Sisi tuko jirani, hatuyajui."

Nilisita. Jirani zetu walicheka. Walisema tuna fedha za kuchezea. Mke wangu alijibu kwamba fedha za mbolea amekwisha kuziweka kando. Basi, tukafunga safari.

Siku ya kwanza tulilala Sumbawanga mjini. Wazee husema jina hilo maana yake ni "tupa uchawi". Tulikwenda karibu na soko, tukala ugali wa ulezi na maharage. Ulikuwa mwezi wa Julai, na baridi ya Ufipa ilikuwa kali. Tulikula tukiwa tumejifunika mablanketi.

Siku ya pili tulipanda basi kwenda Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika. Ni mwendo wa kilomita kama 110, kupitia Matai. Barabara inateremka kutoka nyanda za juu hadi ziwani. Kadiri tulivyoteremka, joto liliongezeka. Mke wangu alivua sweta, kisha akavua na viatu.

Huko Kasanga tulikula migebuka. Kijijini kwetu samaki hao hufika wakiwa wamekauka. Kule tulikula waliovuliwa usiku ule ule. Walichomwa juu ya mkaa, tukala kwa ugali wa muhogo. Mke wangu alisema, "Kumbe miaka yote tulikuwa tunakula kivuli cha mgebuka!"

Tulitazama pia magofu ya boma la Wajerumani. Wao waliita mahali hapo Bismarckburg. Mwezi wa Juni 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliliteka boma hilo. Wajerumani walikuwa wamekwisha kutoroka usiku kwa njia ya ziwa. Kuta zilizobaki hazisemi neno, lakini wageni huja kuzitazama.

Siku ya tatu tulikwenda kwenye maporomoko ya Mto Kalambo. Mto huu ni mpaka wa Tanzania na Zambia. Maji huanguka mara moja, zaidi ya mita 200 kwenda chini. Tulisimama kimya. Ukitupa jiwe, hulisikii likifika.

Kijana aliyetuongoza alitueleza habari kubwa zaidi. Tangu mwaka 1953 wataalamu wamechimba ng'ambo ya Zambia, juu ya maporomoko hayo. Walipata zana za mawe za watu wa kale sana. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa kwa mkono. Umri wake ni miaka kama 476,000. Duniani haijapatikana kazi ya kuunganisha miti iliyo ya kale kuliko hiyo.

Mke wangu alifikiri, kisha akaniuliza, "Kama watu wanavuka bahari kwa ajili ya magogo mawili, ile ilungu yetu je?"

Sikuwa na jibu. Niliona aibu.

Ilungu ni tanuru la kuyeyushia chuma. Liko nje ya kijiji chetu. Limejengwa kwa udongo, nalo ni refu kuliko mtu. Watoto hulipanda. Watu wazima huchimba udongo wake kwa kukandika nyumba. Hata mimi, tulipojenga jiko, nilichukua madebe matatu.

Tuliporudi, tulikwenda kwa mzee mmoja ambaye babu yake alikuwa mhunzi. Tukamwomba atueleze.

"Wanangu," alisema, "mmechelewa, lakini mmefika. Waliweka makaa na mawe ya chuma ndani ya tanuru. Chini waliacha matundu, wakatia mirija ya udongo. Upepo uliingia wenyewe. Hapakuwa na mivukuto. Moto uliwaka siku kadhaa. Siku hizo wahunzi hawakulala na wake zao. Chuma kilichotoka kilisafishwa katika tanuru dogo, na hapo ndipo walipovukuta. Kisha wakafua majembe na mashoka. Majembe ya dukani yalipokuja, kazi ikafa."

Ndugu msomaji, hata wenzetu wamefanya kosa kama letu. Katika mji wa Roma, nchini Italia, kuna uwanja mkubwa wa michezo uliojengwa kwa mawe miaka zaidi ya 1,900 iliyopita. Kwa karne nyingi watu waliubomoa wapate mawe ya kujengea. Leo wanaulinda. Wageni wengi huja kuutazama, nao hula na kulala mjini humo. Lakini mawe yaliyochukuliwa hayakurudi.

Tanuru letu nalo lina shimo ubavuni. Mvua za masika zikiingia, litaanguka. Mimi na mke wangu tumeziba shimo hilo kwa udongo na tumezungushia miba. Mwenyekiti ameahidi kulileta jambo hili katika mkutano wa kijiji. Jirani mmoja bado anatucheka. Mwingine alikuja na jembe, akatusaidia.

Magunia mawili ya maharage yamekwisha. Hatujuti. Tulikwenda mbali, tukajifunza kutazama cha karibu.

Je, kijijini kwenu kuna nini cha kale? Nani anajua habari zake? Nenda ukamwulize leo, angali hai.